Plasma ya Mahari

Mitwero, Lindi
6 Februari 2010

Twalib,

Salamu zangu zipokee, na za baba pia, ingawa yeye hajui kwamba nimezituma. Simu yangu ameichukua tangu siku mshenga wenu alipotoka hapa. Anasema mtoto wa kike aliyekwisha kuposwa hashindi akizungumza na mchumba kwenye simu. Akiwa na neno aliandike, na Bi Mastura alisome kwanza. Bi Mastura ndiye somo yangu, aliyenifunda tangu nilipovunja ungo, na macho yake hayapitwi na kitu. Kwa hiyo andika mambo ya heshima. Ukiandika upuuzi, ataucheka yeye kabla sijaucheka mimi.

Sasa sikiliza. Mshenga atakwambia, lakini nataka ulipate kwangu. Niliulizwa mbele ya watu nataka mahari gani, nikasema televisheni. Shangazi zangu walicheka mpaka mitandio ikawaanguka. Walitegemea niseme kitanda au mkufu.

Nikiwa mdogo tulikuwa tunaangalia tamthilia dirishani kwa jirani, tumesimama nje kwenye mchanga, watoto wa mtaa mzima. Kila ilipofika pale patamu, mwenye nyumba anavuta pazia. Mpaka leo sijui mwisho wa hadithi hata moja. Niliapa nikiolewa nitakuwa na televisheni yangu, na pazia nitaliacha wazi, atakayetaka kuchungulia achungulie. Basi ndiyo hiyo. Bapa, siyo ya chogo.

Naambiwa bapa nazo ziko za aina mbili, LCD na plasma. Mimi sijui tofauti. Uliza wewe, wa barabarani mnaojua kila kitu.

Wako,
Zuwena


Somanga
13 Februari 2010

Zuwena wangu,

Kwanza Bi Mastura, shikamoo, kwa kuwa najua wewe ndiye unayetangulia hapa. Ukimaliza kusoma mpe mwenyewe.

Zuwena, televisheni tu? Nilikaa siku mbili moyo uko juu, nasema binti wa mjini atataja kitu cha kunihamisha nchi. TV utapata. Sebule imekwisha pigwa plasta, umeme umeingia mwezi uliopita, na ule ukuta unaotazama mlango nimeuacha mtupu makusudi. Bakary, yule rafiki yangu tuliyechapwa pamoja madrasa, anasema hapo patakaa saa ya ukutani. Nimemwambia hapo atakaa mke wangu na mambo yake.

Biashara ipo. Mabasi ya Dar yanasimama, abiria wanakula samaki wangu wa kukaanga, wanajifuta mikono kwenye viti vya watu na kuondoka.

Nimemwandikia Taher, mwenye duka la vyombo vya umeme huko Lindi, anieleze tofauti. Sikutaka kumpigia. Muuza duka kwenye simu anasema lolote, lakini akiandika, maneno yake yanakaa. Mimi nachotaka ni rangi. Nyasi za uwanjani ziwe kijani kweli, jezi nyekundu iwe nyekundu. Maisha yangu yote nimetazama mpira kwenye banda, kwenye TV ambayo timu zote mbili zinavaa kijivu.

Wako,
Twalib


Lindi mjini
20 Februari 2010

Bwana Twalib,

Wa aleikum salaam. Umeniomba ukweli, tena kwa maandishi, na hilo kwa muuza duka ni jambo la kukaa chini kwanza.

Plasma ina picha tamu, sikufichi. Weusi wake ni weusi hasa, na mpira ukipigwa hauachi mkia nyuma yake. Lakini ni nzito, huibebi peke yako. Inachemka kama pasi, inakula umeme, na kioo chake kinarudisha mwanga wa dirisha, utajiona mwenyewe badala ya mpira. Tena picha ikisimama muda mrefu mahali pamoja inagandia. Ile niliyoweka mbele ya duka ina alama ya kituo fulani pembeni. Ukibadilisha, alama haiondoki, inabaki inawatazama watu kutoka ndani ya kila picha. Tasleem, mke wangu, hataki kukaa nayo chumba kimoja.

LCD ni nyepesi, haichemki, umeme wake kidogo, na mchana inaonekana vizuri. Ubaya wake, ukikaa ubavuni rangi zinafifia, na weusi wake una majivujivu.

Kwa sebule yenye dirisha la barabarani kama yako, na kwa umeme wetu huu unaokatika na kurudi kwa hasira, ningekuwa mimi ningechukua LCD. Na kwa bei pia. Plasma inchi arobaini na mbili siyo ya mtu anayekaanga samaki, na nakwambia hivyo kwa heshima.

Tasleem anasema nafukuza wateja.

Taher


Mitwero
2 Machi 2010

Twalib,

Barua ya Taher uliyonitumia nimeisoma. Nimefanya jambo, na afadhali ulisikie kwangu kabla halijakufikia na chumvi.

Mwahija, binti wa shangazi, yule aliyeolewa Mchinga, alitolewa LCD inchi thelathini na mbili. Sikulijua hilo. Jumapili tulikuwa wanawake watupu tunachagua mchele wa hitima, shangazi akasema, “Zuwena naye atapata kama ya Mwahija, watakuwa sare.” Akaendelea, “Au ndogo zaidi. Mchumba mwenyewe muuza samaki wa stendi.” Wakacheka. Mwahija mwenyewe akacheka, akiwa amefunika mdomo kwa leso, na kule kujifunika leso ndiko kulikoniuma.

Nikasema mimi nataka plasma. Inchi arobaini na mbili.

Shangazi akaweka ungo wake wa mchele chini, akanitazama. Bi Mastura aliniambia baadaye kwamba mahari ni mali yangu, naweza kuyapunguza au kuyasamehe kwa mdomo wangu, wala hapana mwanamume wa kunizuia. Lakini akasema pia kwamba mwari akitaja kitu mbele ya watu kisha akateremka, atateremshwa maisha yake yote. Hilo nalo ni kweli, nawajua wa kwetu.

Ikiwa ni nzito niambie. Nitajua la kufanya. Ila usinidanganye.

Zuwena


Somanga
15 Machi 2010

Zuwena,

Plasma basi. Mwambie shangazi muuza samaki wa stendi amesikia.

Jiko nimelifunga. Nimeingia kwenye boti ya Bwana Abdulatifu, mimi na Bakary. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Tunatoka asubuhi, adhuhuri tumeshusha, na boti imejaa mpaka wenzetu wa nyavu wanageuza uso tunapopita. Wao wanakesha na kurudi na vibua vya kitoweo. Wiki moja huku nimepata kuliko mwaka mzima wa kusimama kwenye moshi.

Nimempa konda wa basi boksi la samaki na barafu, ni la mama mkwe. Kuna changu na kolekole. Mwambie mkwewe anamwamkia.

Twalib


Mitwero
21 Machi 2010

Twalib,

Boksi limefika, ahsante.

Unajua mama anauza samaki soko la Lindi tangu kabla sijazaliwa. Alikaa uani na kisu chake, anaimba. Akampasua changu wa kwanza, akaacha kuimba. Akampasua wa pili, na wa tatu. Nikasogea. Nje samaki hana hata mkwaruzo, lakini ndani uti wa mgongo umevunjika vipandevipande, umetawanyika kwenye nyama, na damu imeganda tumboni. Nyama yenyewe ukiibonyeza inaachana.

Mama alinawa mikono mpaka viwikoni, akawaita paka. Tulikula mchicha.

Nilimuuliza, akaniambia muulize mwenyewe. Basi nakuuliza. Mnavua kwa kitu gani huko?

Bi Mastura ameisoma barua hii na kwa mara ya kwanza hakufuta hata neno.

Zuwena


Somanga
30 Machi 2010

Zuwena,

Boksi lilianguka kwenye buti la basi pale Nangurukuru, konda mwenyewe amekiri. Barafu nazo zikawabana. Samaki ni samaki, mifupa huvunjika. Mwambie mama mkwe nitaleta wengine, nitawashika mwenyewe mapajani.

Na wewe nikwambie kitu. Mwanamume huulizwa kama ataweza, haulizwi atatoa wapi. Ulisema plasma mbele ya watu. Nami nimesema plasma mbele ya watu, hapa Somanga nzima wanajua. Nimekwenda kwa Taher, nimempa zaidi ya nusu. Alinitazama kama vile nimemwibia yeye.

Abdulatifu ananisifu. Anasema katika wote mimi ndiye mwenye mkono mwepesi na roho tulivu, najua hasa wakati wa kuachia. Kwa hiyo kazi hiyo ameniachia mimi.

Siku hizi masikio yananivumia, kama nzi ameingia akapotea njia. Bakary anasema napiga kelele nikizungumza. Itapita.

Usiniulize tena ya samaki.

Twalib


Lindi mjini
17 Aprili 2010

Bwana Twalib,

Plasma yako imeshuka kutoka Dar. Nimeifunika blanketi na kuiweka chumba cha ndani ili isiguswe.

Ulipokuwa dukani safari ile nilikuita kwa jina ukiwa umenipa mgongo. Nikakuita tena. Hukugeuka. Halafu kuna hili: zamani ulikuwa ukija unanukia mafuta ya kukaangia, na Tasleem alikuwa akicheka kwamba unatutia njaa. Safari hii ulikuwa na harufu nyingine. Marehemu baba yangu aliwahi kupasua mawe machimboni, alikuwa akirudi nyumbani na harufu hiyo kwenye kanzu. Naijua.

Mimi muuza duka, sikuulizi. Ila LCD ipo palepale kwenye kabati, na kwa ulichokwisha kunipa ni yako. Ukija leo unaondoka nayo. Fikiri, ndugu yangu.

Taher


Mitwero
24 Aprili 2010

Twalib,

Nimekuandikia mara mbili hukujibu. Hii nakuomba ujibu.

Mama amenambia. Hakunambia kwa maneno mengi, alinichukua sokoni akanionyesha mzee mmoja anayeuza ndimu. Mkono wake mmoja unaishia kwenye kifundo. Akasema, “Huyu naye alikuwa na mkono mwepesi.” Kisha akaninunulia ndimu, tukarudi.

Naogopa. Naandika waziwazi, Bi Mastura asome, kila mtu asome. Nikisikia mlango unagongwa moyo unanitoka. Naamka nimekuota umesimama unacheka na sisikii kicheko.

Chukua LCD. Nitawaambia shangazi mwenyewe kwamba nimebadilisha, plasma inakula umeme, kioo kinameremeta, nitasema lolote. Ila nipe wiki moja tu. Wote watakuja hapa kupima nguo za harusi, Mwahija atakuwepo, na nikiyasema sasa hivi watanila nyama siku hiyo nzima. Wakishaondoka nitasema.

Wewe lakini usingoje wiki. Wewe usitoke tena, kuanzia ukisoma hapa.

Zuwena


Somanga
29 Mei 2010

Zuwena,

Usishtuke kwa mwandiko. Ni wa Bakary, mimi nasema yeye anaandika. Nina jeraha la kidole, kalamu haishikiki. Kukaa kimya mwezi mzima kumenikosesha adabu, nisamehe.

Sitoki tena, kama ulivyotaka. Nashinda nyumbani. Nimegundua kumbe nyumba yetu inasikika sana, basi likishika breki barabarani najua limetoka kusini au kaskazini. Masikio yamepona kiasi.

Nina swali. Kati ya plasma na LCD, ipi yenye sauti nzuri? Taher aliandika mambo mengi, habari ya sauti hakuigusa. Mpitie umuulize. Nataka ile ambayo mtu akiingia chumbani unasikia mlango, akiondoka unasikia nyayo, na mtangazaji wa mpira asimezwe na kelele za watu. Rangi siyo kitu kikubwa. Za rangi chagua wewe.

Na lingine. Nikaha tuliyosema iwe Shaabani, naomba tuisogeze mpaka baada ya Idd. Mwambie baba sebule haijakauka.

Twalib


Mitwero
5 Juni 2010

Shemeji Bakary,

Mchumba wa mtu kumwandikia mwanamume mwingine kwetu ni aibu, nawe unajua. Naifanya mara moja hii, na Bi Mastura amegeuza uso ili asiwe ameona.

Barua ile aliisoma yeye kwanza. Aliirudia, akavua miwani, akakaa nayo mapajani. Akasema, “Mtu aliyetaka kijani cha nyasi sasa anauliza sauti ya nyayo.” Sikuhitaji aongeze.

Baba hajui kitu. Anasema mchumba anataka kuchomoka. Mimi najua si hilo.

Niambie, shemeji. Usinipambie.

Zuwena


Somanga
12 Juni 2010

Shemeji Zuwena,

Mimi si mtu wa kuandika, na hii ni ngumu.

Barua yako ya kumwambia asitoke aliipata. Aliisoma mbele yangu, akacheka kwa furaha kwamba unamhofia. Akasema, “Atakwenda kuaibika mbele ya shangazi zake kwa ajili yangu. Bado safari chache tu, nimalize, asiaibike.” Asubuhi tukatoka. Yeye ndiye aliyekuwa akishika baruti. Ilikuwa imeshatoka mkononi mwake, haijagusa maji, ikapasuka.

Mikono ina makovu, vidole vipo. Uso utakuwa na alama. Macho hayapo, shemeji. Hospitali wamefanya waliloweza, wakasema basi. Abdulatifu alitutaka tuseme ni jiko la mafuta limelipuka, ndivyo tulivyosema.

Hataki ujue. Anasema akishaoa atakwambia polepole, kama vile wewe utakuwa huoni. Ananiuliza kila siku kama barua imekuja.

Ile plasma imebaki kidogo tu kwa Taher. Nafasi yake botini nimeichukua mimi. Nimemuapia kwamba siku ya nikaha itakuwa ukutani, hata kama haioni, watu waione. Naye hakunikatalia. Usinisihi niache, shemeji, ni rafiki yangu. Na asijue kwamba nimekwambia.

Bakary


Mitwero
21 Juni 2010

Twalib,

Naandika kwako. Nilitaka kumwandikia Bakary, lakini Bi Mastura amesimama mlangoni: barua ya kwanza aligeuza uso, ya pili hawezi, binti wa watu hana barua mbili kwa rafiki wa mchumba wake. Bahasha ina jina lako. Lakini najua anayesoma ni yeye, kwa hiyo neno langu la kwanza ni lake. Bakary, ukiwa umesimama, kaa. Ukiwa umeitwa, waambie waende. Leo husogei hapo. Wala kesho, wala siku nyingine yoyote. Soma mpaka mwisho, umsomee kila neno.

Twalib, najua. Usimlaumu Bakary, mimi ndiye niliyemlazimisha.

Nililia siku nzima, halafu nikaoga, nikavaa, nikawaita. Baba, mama, shangazi zangu wote, na Mwahija nikamtumia mtu Mchinga aje. Nikasimama katikati ya sebule nikasema: mahari yangu nimeyasamehe. Sitaki plasma, sitaki LCD, sitaki hata ya chogo. Wamecheka, sikujali. Laiti ningekuwa na ulimi huo mwezi wa nne, ungekuwa unaniona. Niliogopa kuchekwa wiki moja, wewe ukalipa kwa macho yako, na hilo nitalibeba mimi, usijaribu kunipokea.

Nimebakisha sharti moja. Uje hapa uniambie mwenyewe kwa mdomo wako lililotokea. Lile la kidole sikubali. Ukishasema kweli, nimepokea mahari yangu yote.

Baba amesema posa irudishwe, binti yake haolewi na mpiga baruti asiye na macho. Nimemwambia airudishe, mimi nitabaki nayo moyoni, na hapa nyumbani nitazeeka akinitazama. Amevaa kofia yake, ametoka. Mama ameanza kukunja kanga zangu, na mama hakunji kanga za mtu asiyekwenda.

Kwa Taher nitapita mwenyewe. Nitamwambia asipokee tena kitu kwenye mkono wa mtu kwa ajili yangu.

Bakary, shemeji, umenisikia? Basi. Imekwisha. Funga kazi hiyo, urudi kwenye moshi wa samaki, mimi nitakuja kuwageuzia vikaango.

Zuwena


Somanga
Ijumaa, mwezi wa Juni

Zuwena,

Naandika mwenyewe. Nimeweka kidole cha mkono wa kushoto pale neno linapoishia ili la pili lisipande juu yake. Ikiwa mistari imepotea nisamehe, ifuate hivyohivyo.

Sikuwa na jeraha la kidole. Sioni, Zuwena. Macho yote mawili. Ilikuwa baruti, na wale samaki wa mama walikuwa wa baruti, na boksi halikuanguka popote. Niliogopa utaniacha. Sasa sina tena wa kunificha, na nimechoka kujificha.

Bakary tumemzika juzi. Alisema bado safari moja tu plasma yako iwe imekamilika. Sikumkataza. Ningemkataza kwa ulimi gani, na mimi nilisema hivyohivyo. Mama yake amekaa chumba cha pili, nasikia wanawake wanaingia na kutoka. Hajanilaumu, na afadhali angenilaumu.

Taher ameleta salamu za rambirambi, anasema televisheni ipo. Akitaka mtu kuichukua aichukue. Mimi sitaki isikike ndani ya nyumba hii.

Barua yako ninayo. Ni nene kuliko zote ulizowahi kuniletea, naipapasa siku ya nne sasa. Wapo watu hapa wa kunisomea, lakini sitaki mwingine ayasikie maneno yako kabla yangu, hasa kama ni ya kuniaga. Kama ulikuwa na neno unalotaka nilijue, mtume mtu aje aniambie kwa mdomo.

Konda aliileta Jumanne asubuhi. Bakary alikuwa keshavaa, wenzake wanamwita nje. Aliigeuza akaona jina langu, akanitia mkononi, akasema niitunze, atanisomea akirudi.

Twalib